Daftari la madeni limepotea kwenye skrini, nami nimemfukuza binti wa watu

BARUA

Mpendwa Fundi,

Salamu kutoka Mpondwe. Nina duka dogo la steshenari hapa mpakani. Natoa fotokopi, nachapa barua na mitihani ya shule za msingi, na kwa miaka mitatu sasa natengeneza kadi za harusi na ratiba za mazishi. Wateja wangu wengi ni wa huku huku Kasese, lakini wapo pia wanaovuka mto Lhubiriha kutoka Kasindi, upande wa Congo, na hao wote tunaelewana kwa Kiswahili. Kompyuta nilijifunza ukubwani, kwa kuangalia wengine. Sikuisomea.

Mwezi uliopita mdogo wangu anayefanya kazi Kampala alikuja kukaa nasi wiki mbili. Alikuja na skrini yake kubwa, akaiunganisha na laptopu yangu kwa adapta, akaiweka mkono wangu wa kulia. Fundi, nilifurahi sana. Daftari langu la madeni, ambalo liko kwenye Excel, nililipeleka kule kwenye skrini kubwa likawa wazi kutwa. Na kwenye GIMP, programu ya picha ninayotumia kwa kadi, nilikivuta kile kisanduku cha zana nikakiweka huko huko, picha ikabaki peke yake kwenye laptopu.

Ijumaa jioni mdogo wangu alirudi Kampala na skrini yake. Alichomoa waya haraka haraka kuwahi basi, hata adapta akaisahau. Iko hapa bado, imechomekwa ubavuni mwa laptopu.

Jumamosi asubuhi nilikuwa msibani, kwa hiyo duka lilifunguliwa na binti ninayemfundisha kazi. Nilipofika mchana nikabonyeza daftari la madeni. Alama yake ilitokea kwenye ule mstari wa chini, lakini mbele yangu hakuna kitu. Nikabonyeza tena, hakuna. Nikafungua GIMP: picha ipo, kisanduku cha zana hakipo. Nikaenda kwenye Word kuchapa barua ya mteja, na nilipotaka kuihifadhi programu ikagoma kabisa. Kila nikibonyeza inalia “ting”. Na kuna jambo lingine, sijui kama lina maana: mshale wa mausi ukifika kulia kabisa unatoweka, mpaka niuvute kurudi kushoto ndipo nauona.

Nikamwuliza yule binti amefuta nini. Akasema alichapa mtihani wa P5 (darasa la tano) tu, hakugusa kingine. Sikumwamini. Nilimsema vibaya mbele ya wateja, nikamwambia arudi kwao. Ana miaka 19. Mama yake anauza mihogo sokoni, tulikuwa tukisalimiana kila asubuhi, na sasa nikipita anainama kama anatafuta kitu chini.

Fundi mmoja wa hapa ameiangalia mashine, akasema Windows imekufa, lazima apige mpya. Anataka shilingi 60,000, na amesema baadhi ya mafaili yanaweza kupotea. Daftari lile lina madeni ya watu zaidi ya 40, na shule mbili humo. Tena kuna kadi 200 za harusi ambazo faili yake inatakiwa ifike Nasser Road, Kampala, kuchapishwa Jumatatu.

Nimpe mashine? Na huyu binti nimsamehe, au nitafute mwingine anayejua kompyuta vizuri?

Mama wa Steshenari,
Mpondwe

JIBU

Mama wa Steshenari, usimpe mashine. Nawe pia usiiguse kwanza. Soma mpaka mwisho, maana kuna jambo nataka ulifanye kabla hujaweka mkono kwenye kibodi.

Daftari lako lipo zima. Utaliona kwa macho yako hivi: peleka mshale kwenye alama ya Excel pale chini, usibonyeze, utulize tu. Kitajitokeza kidirisha kidogo juu yake chenye picha ya daftari, na ukikodoa macho utaona safu za majina. Kitu kilichofutwa hakiwezi kuonyesha picha hiyo. Daftari limefunguka, linafanya kazi, linasubiri. Ila limefungukia mahali ambapo huna jicho la kulionea.

Ulisema hujui kama habari ya mshale ina maana. Ndiyo yenye maana kuliko yote uliyoandika. Laptopu yenye skrini moja haina njia ya kupitisha mshale ukingoni. Ukifika mwisho unakwama kama mtu aliyefika ukutani. Mshale wako unapita. Basi kompyuta inaamini kwamba kulia kwako bado kuna skrini ya pili. Na kinachoiaminisha hivyo ni adapta aliyoisahau mdogo wako. Zipo adapta ambazo zikichomekwa tu zinaiambia kompyuta “nipo, nina skrini”, hata kama mbele yake hakuna chochote. Skrini ilipanda basi Ijumaa jioni, lakini kompyuta haikuagwa.

Nataka uelewe jambo hili kwa undani kidogo, kwa sababu ukilielewa hutamhitaji mtu tena kwa shida ya aina hii. Kompyuta huipima skrini kama wapima ardhi wanavyopima kiwanja. Jiwe la kwanza la mpaka liko kwenye pembe ya juu kushoto ya skrini kuu, na hapo ndipo sifuri. Kutoka hapo inahesabu nukta (pikseli) kwenda kulia na nukta kwenda chini. Tuseme laptopu yako ina nukta 1,366 kwa upana na 768 kwenda chini, kama laptopu nyingi za bei ya kawaida. Skrini kubwa yenye upana wa nukta 1,920 ikikaa kulia, kiwanja chake kinaanzia pale ilipoishia laptopu na kinafika 3,286. Ingekaa kushoto, hesabu ingekuwa ya kutoa, chini ya sifuri.

Sasa wewe uliliweka daftari huko, tuseme kwenye 1,500. Programu nyingi zikifungwa huandika kumbukumbu ya mahali zilipokuwa, ili kesho zikufungukie pale pale ulipozizoea. Ni adabu nzuri. Jumamosi ulipoifungua, Excel ilisoma kumbukumbu, ikakuta 1,500, ikauliza kama kiwanja hicho bado kipo, ikajibiwa kipo. Ikaenda kukaa huko. Kisanduku cha zana cha GIMP kilifanya vivyo hivyo.

Na ile “ting”? Hii huwatisha watu kuliko yote, kwa sababu inafanana kabisa na kompyuta mbovu. Ulipotaka kuhifadhi barua, Word ilifungua kidirisha cha kukuuliza jina la faili na mahali pa kuiweka. Kidirisha hicho nacho kilifungukia upande usioonekana. Kidirisha cha namna hiyo kina sharti moja: mpaka kijibiwe, programu yake haikubali jambo lingine. Kwa hiyo kila ulipobonyeza, Word ilikuwa inakuambia “nijibu kwanza”, nawe swali hulioni. Ukikutana na hali hiyo siku yoyote, bonyeza Esc mara moja. Kidirisha kinajifunga na programu inakuachia. Barua uliyoichapa haipotei.

Twende kwenye tiba. Shika kitufe cha Windows, kile chenye alama ya vidirisha vinne, pamoja na herufi P. Pembeni patatokea orodha ya mistari minne. Chagua wa kwanza, unaosomeka PC screen only, yaani skrini ya kompyuta hii peke yake. Usiuguse mstari wa mwisho, Second screen only. Huo ungezima skrini ya laptopu na kupeleka kila kitu kwenye skrini ambayo haipo, nawe ungebaki unatazama giza. Ukiteleza ukaubonyeza, usizime mashine: chomoa adapta, picha irudi. Na kwa kweli kuchomoa adapta peke yake kunatosha mara nyingi. Nimeanza na kitufe kwa sababu siku moja huenda ukawa na projekta ya shule imefungwa darini, waya hauufikii.

Ukishafanya hivyo Windows itaona kwamba kiwanja cha kulia hakipo tena, na madirisha yaliyokuwa huko itayakusanya kuyaleta kwenye laptopu. Jaribu mshale: ukigota ukingoni, umemaliza sehemu kubwa ya kazi.

Kama daftari litaendelea kukaidi, kuna njia ya kulivuta kwa mkono. Hii ijifunze mpaka vidole viizoee, maana inafanya kazi hata pale ambapo skrini ya pili haihusiki. Peleka mshale kwenye alama ya Excel pale chini, subiri ile picha ndogo, kisha juu ya picha hiyo bonyeza kitufe cha kulia cha mausi. Itatokea orodha fupi. Ndani yake chagua Move. Sasa acha mausi, bonyeza mshale wowote wa kibodi mara moja tu. Wa kushoto unafaa kwako. Ukishaubonyeza, dirisha limenasa kwenye mausi. Sogeza mausi taratibu, utaliona linaingia kutoka pembeni. Likifika unapotaka, bonyeza, linatua.

Watu wengi hushindwa hapa kwa sababu mbili. Wengine wanaruka ule mshale wa kibodi, wakaenda moja kwa moja kwenye mausi, na dirisha halinasi. Wengine wanakuta neno Move limefifia halibonyezeki. Hiyo ni kwa sababu dirisha limetanuliwa likajaza skrini yake yote, na dirisha lililojaza skrini halisogezwi. Chagua kwanza Restore kwenye orodha ile ile, kisha urudi kwenye Move.

Orodha hiyo hiyo inapatikana kwa kibodi pia: ukiwa umelichagua dirisha kwa Alt na Tab, shika Alt na kile kitufe kirefu cha nafasi, halafu herufi M. Lakini kwenye baadhi ya kompyuta mpya Alt na kitufe cha nafasi vimepewa kazi nyingine, ndiyo maana nimekuanzishia njia ya mausi.

Na mdogo wako akirudi na skrini, ukataka kulirusha dirisha kutoka skrini moja kwenda nyingine, shika Windows na Shift, kisha mshale wa kushoto au wa kulia. Dirisha linaruka lote.

Kwa wasomaji wengine mnaosema “mbona mimi sijawahi kuwa na skrini mbili, na dirisha langu limepotea?”, ipo sababu nyingine. Windows ikilikunja dirisha kulishusha kwenye mstari wa chini, hulihesabu kuwa liko nukta 32,000 chini ya sifuri, mbali kabisa na macho. Kuna programu zilizoandikwa bila uangalifu, ambazo zikifungwa zikiwa zimekunjwa huandika namba hiyo kuwa ndiyo makao yao. Kesho yake zinaenda kukaa huko. Tiba ni hiyo hiyo ya Move.

Nirudi kwa Mama wa Steshenari na GIMP yake, maana kadi 200 hazingoji. Ukishaondoa skrini ya uongo, kisanduku cha zana huenda kikarudi chenyewe. Kisiporudi, bonyeza picha mara moja, kisha bonyeza kitufe cha Tab. Kwenye GIMP Tab inaficha visanduku vyote vya pembeni na ukiibonyeza tena inavirudisha. Kidole chochote kinachopita kwenye kibodi kinaweza kuigusa, chako au cha mwingine, bila aliyeigusa kujua. Kama bado, fungua menyu ya Windows iliyo juu ya GIMP yenyewe, uweke alama kwenye Single-Window Mode. Picha na zana vitaungana kuwa dirisha moja. Mtindo huo uliingia kwenye GIMP 2.8 mwaka 2012, na kwa mtu mwenye laptopu ndogo kama wewe ningependa uubakize hivyo daima. Zana hazitaweza kutangatanga mbali na picha.

Kuna na njia ya kuifuta kumbukumbu yote ya mahali: menyu ya Edit, kisha Preferences, kisha Window Management, utaona kitufe cha Reset Saved Window Positions to Default Values. Kibonyeze, funga GIMP, uifungue tena. Kadi yako haitaguswa, kinachofutwa ni anwani tu za visanduku. Na wanaotumia CorelDRAW kwa kazi kama hii wajue kwamba wakishikilia F8 wakati programu inafunguka, wataulizwa kama wanataka kurudisha mpangilio wa mwanzo. Huko mpangilio wowote uliojitengenezea unaondoka, kwa hiyo iwe njia ya mwisho.

Ukiwa na Excel mbele yako, kabla ya kuandika deni lolote jipya, nenda File kisha Info. Juu, chini ya jina la daftari, utasoma liko kwenye folda gani. Iandike njia hiyo kwenye karatasi. Halafu nakili daftari kwenye flashi, na flashi ilale nyumbani, isilale dukani.

Nakusisitizia hilo kwa sababu ya jambo nililolifanya mwenyewe. Mwaka 2012 nilikuwa fundi kijana kwenye chumba kimoja Kampala. Mama mmoja, katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, aliniletea mashine ambayo daftari la akiba lilikuwa “halifunguki”. Nikasema Windows imekufa. Nilinakili kilichokuwa kwenye Documents na kilichokuwa kwenye uso wa skrini, nikafuta kila kitu, nikapiga mpya. Daftari halikuwa kwenye Documents. Lilikuwa kwenye folda aliyoianzisha mwenyewe kwenye diski C, nami sikuuliza. Akiba ya miaka miwili ya wanawake wale ilirudishwa kwa kukaa chini na vijitabu vyao, mmoja mmoja, na wawili walikuwa wamepoteza vijitabu. Miezi kadhaa baadaye nilikutana na tatizo kama lile kwenye mashine nyingine, nikafundishwa kuhusu Move, na usiku ule sikulala. Daftari la yule mama lilikuwa nje ya skrini tu.

Kwa hiyo simwiti fundi wako mwizi. Inawezekana anaamini anachokuambia. Kupiga Windows mpya kunafuta kumbukumbu zote za mahali, dirisha linaonekana tena, fundi anaona dawa yake imeponya, na kesho anaitoa kwa mwingine. Lakini kwako isingeponya hata hivyo: kama adapta ingebaki pale ilipo, skrini ya uongo ingeweza kurudi siku ile ile, nawe ungekuwa umelipa 60,000 na kuhatarisha madeni ya watu 40. Fundi yeyote akikuambia “tupige mpya”, mwulize kwanza hivi: umejaribu kulivuta dirisha? Mafaili yangu yako folda gani? Asiyeweza kujibu la pili asiruhusiwe kufuta.

Skrini ya pili yenyewe usiiogope. Kwa kazi ya kadi ni msaada mkubwa, na ukipata yako inunue. Ukiiunganisha, ingia Settings, kisha System, kisha Display. Utaona mistatili miwili yenye namba. Iburute ikae kama skrini zilivyokaa mezani, ya kulia iwe kulia. Kabla ya kuiondoa, vuta kila dirisha lirudi kwenye laptopu, funga programu zikiwa hapo ili ziandike anwani nzuri, ndipo uchomoe waya na adapta pamoja. Ikiwa mashine yako ni ya Windows 11, hapo hapo chini ya Multiple displays kuna sehemu ya kuiambia ikumbuke madirisha kufuatana na skrini iliyounganishwa. Iache imewashwa.

Sasa binti.

Umeniuliza kama umsamehe. Soma tena barua yako, dada yangu. Skrini iliondoka Ijumaa jioni. Binti aliingia Jumamosi asubuhi. Alikalia kompyuta ambayo tayari ilikuwa inaamini jambo la uongo, akachapa mtihani wa P5 kama ulivyomfundisha, akakuambia kweli. Hata kama kidole chake kiligusa Tab kwenye GIMP, kitufe hicho hakifuti nukta moja ya kazi yako. Hana la kusamehewa. Aliyekosewa ni yeye, na alikosewa mbele ya watu.

Najua uliogopa. Madeni ya watu 40 ni chakula cha watoto na kodi ya duka, na mtu akiogopa hushika aliye karibu. Lakini mama yake anainama unapopita, na hilo halitarudi kwa kulinyamazia. Nenda kwa mama kwanza, pale pale sokoni penye mihogo yake, mchana watu wakiwepo, kwa sababu ulimsema binti mbele ya watu. Huhitaji maneno mengi. Mwambie: “Mwanao hakuharibu kitu, mimi ndiye niliyekosea, nimekuja kumwomba arudi.” Kisha umlipe binti siku alizokosa kazi. Asizikatwe kwa kosa lisilo lake. Asipotaka kurudi, umlipe vile vile.

Na usitafute mwingine “anayejua kompyuta vizuri”. Wewe mwenyewe hukujua jambo hili mpaka leo, wala fundi wa mjini hakulijua. Atakayelijua kesho ni yule utakayemwonyesha.

Ndiyo maana nilikuambia usiguse mashine. Iache ilivyo mpaka yeye afike. Mkalishe kwenye kiti, msomee hatua hizi kutoka hapa, na yeye ndiye abonyeze Windows na P, yeye ndiye achomoe adapta, ili daftari likirudi kwenye skrini liwe limerudi mikononi mwake. Faili ya kadi itasafiri kwenda Nasser Road Jumatatu. Kwa hiyo mwendee mama yake leo, kabla hajafunga meza yake.